Sura ya 6: Ndege Inayokungoja Wewe

Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na warushaji wapya wa ndege za rimoti kuliko hili: "Ile ya kujifunzia nimeshaizoea. Inapaa, inazunguka, inatua bila kuvunjika. Je, sasa ninunue yenye mabawa chini?" Anayeuliza huwa ameshaichagua, na picha yake imo kwenye simu. Anachotafuta kwangu ni baraka tu.

Baraka huwa natoa, lakini kwa sharti moja. Kwanza aelewe ni kazi gani ambayo ndege yake ya kwanza imekuwa ikimfanyia kimyakimya tangu siku ya kwanza, kwa sababu kazi hiyo sasa itahamia mikononi mwake. Sura hii ni ya kazi hiyo.

Maneno manne ya kuanzia

Tutayatumia mara kwa mara, kwa hiyo tuyaweke sawa:

- Eleroni ni vipande vinavyocheza kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa. Cha kushoto kikipanda, cha kulia hushuka, na ndege hulalia upande mmoja.
- Elevata ni kipande cha mkia uliolala. Hunyanyua pua au kuishusha.
- Usukani ni kipande cha mkia uliosimama. Hugeuza pua kushoto na kulia, kama usukani wa mashua.
- Bawa kuacha kubeba ni hali inayotokea pua ikinyanyuliwa kupita kiasi, hasa mwendo ukiwa mdogo. Hewa iliyokuwa ikipita juu ya bawa kwa utulivu hubanduka, na ndege huanguka ingawa mota inanguruma vizuri kabisa.

Siku niliyoachia vijiti

Ndege yangu ya kwanza ilikuwa na bawa moja refu juu ya mwili, limekaa kama paa la kibanda. Nilipoizoea nilijenga tabia ambayo mwenyewe sikuijua: baada ya kila kona niliachia vijiti vya rimoti, nayo ndege ikajinyoosha. Niliamini ni mimi niliyeinyoosha.

Siku ya kwanza na ndege ya mabawa ya chini nilikata kona ya kushoto, nikaachia vijiti, nikasubiri. Ndege ikabaki imelala. Pua ikaanza kushuka, kwanza taratibu, kisha kwa kasi, na mlio wa pangaboi ukapanda. Mzee aliyekuwa akinifundisha alisimama nyuma ya bega langu, mikono yake mgongoni.

"Mzee, haijinyooshi!"

"Haitajinyoosha, mwanangu. Inakungoja wewe."

Nikasukuma kijiti kulia mpaka mabawa yakakaa sawa, nikavuta elevata kidogo, ikapanda. Vidole vililoa jasho. Mwaka mzima nilikuwa nikimaliza nusu ya kila kona, na nusu iliyobaki ikimaliziwa na bawa.

Kwa nini bawa la juu hujinyoosha?

Maelezo yaliyozoeleka viwanjani ni ya ndoo. Mwili mzito, tunaambiwa, umening'inia chini ya bawa kama ndoo ya maji mkononi, kwa hiyo lazima urudi katikati. Mfano huu ni mtamu, lakini unapotosha. Ndoo hurudi kwa sababu mkono umeishika kutoka juu. Ndege haikushikwa na yeyote. Ikilala, nguvu inayoibeba hulala pamoja nayo, kwa hiyo hakuna cha kuurudisha mwili.

Ukweli uko kwenye kuteleza. Ndege ikilalia kushoto huanza kuteleza kidogo kuelekea kushoto, kama mtu aliyekalia benchi lililoinama. Inapoteleza hivyo, hewa huijia kutoka ubavu wa kushoto. Hapo mambo mawili hufuata.

La kwanza ni umbo la V. Mabawa ya ndege ya kujifunzia huwa yamenyanyuka kidogo kwenye ncha. Hewa ya ubavuni hulipiga zaidi kutoka chini lile bawa lililoshuka, na bawa hilo husukumwa juu. Jaribu kwa karatasi. Kunja ndege ya karatasi, inyanyue mabawa yake yawe kama V, uirushe: itateleza kwa utulivu. Kisha yainamishe yaelekee chini, urushe tena: itajiviringisha na kuanguka kifudifudi.

La pili ni mwili wenyewe. Hewa ya ubavuni ikiukuta mwili lazima igawanyike, nyingine ipite juu, nyingine chini. Bawa likiwa juu, hewa inayopanda ubavuni hulisukuma kutoka chini lile bawa lililoshuka, na kulinyanyua. Bawa likiwa chini, jirani yake ni hewa inayoshuka, na hiyo hulipunguzia nguvu ya kubeba. Mwili uleule uliokuwa ukisaidia sasa unapinga.

Ndiyo maana ndege ya mabawa ya chini huhitaji V kubwa zaidi ili ipate utulivu uleule. Waundaji wa ndege za michezo ya angani huipunguza V hiyo kwa makusudi, ili ndege ibaki pale ulipoiweka: imelala, imesimama au imepinduka.

*Kwa ufupi: bawa la juu na umbo la V husahihisha makosa yako. Bawa la chini lenye V ndogo hutii mkono wako, na makosa ya mkono huo huyatii pia.*

Redio ziliboreka, mabawa yakashuka

Historia ya mchezo huu ilipita njia hiihii ambayo mrushaji mmoja hupita. Mwaka 1937 mapacha wawili wa Kalamazoo, jimbo la Michigan nchini Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao waliyoiita Guff, moja ya ndege ndogo za kwanza kabisa kuongozwa kwa redio. Bawa lake lilikuwa juu. Redio za wakati huo zilikuwa nzito na zenye uwezo mdogo. Kwa miaka mingi baadaye warushaji wengi waliweza kugeuza usukani wa mkia tu. Ndege ilipaswa kujua kuruka yenyewe, na binadamu aliye chini aliipa ushauri tu.

Redio zilipoweza kuendesha eleroni, elevata, usukani na injini, binadamu akawa rubani kweli, na bawa lenye kujisahihisha likaanza kumzuia. Mwaka 1960, kwenye mashindano ya kwanza ya dunia ya ndege za redio yaliyofanyika Dübendorf, Uswisi, mshindi alikuwa Mmarekani Ed Kazmirski. Ndege yake, Orion, ilikuwa na mabawa chini.

Mzigo wa bawa

Badiliko la pili halionekani kwa macho mpaka siku ya kutua. Tembea kwenye tope la ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Ukikanyaga kwa kisigino utazama. Ukisimama juu ya ubao mpana hutazama, ingawa uzito wako ni uleule. Ndege nayo huulaza uzito wake juu ya eneo la mabawa, na kinachohesabika ni kila kipande cha bawa kinabeba kiasi gani.

Tuchukue ndege mbili za kampuni ya SIG ya Marekani, ambazo vizazi vya warushaji wamezipitia moja baada ya nyingine. Kadet LT-40 ni ya kujifunzia. Upana wake, ncha ya bawa hadi ncha, ni kama sentimita 178, na eneo la mabawa ni karibu sentimita za mraba 5,800. Four-Star 40 ni ya mabawa ya chini. Upana wake ni kama sentimita 152, na eneo lake karibu sentimita za mraba 3,900.

Tuseme kila moja ina uzito wa kilo 2.5. Kila sentimita ya mraba ya Kadet itabeba gramu 0.43, na ya Four-Star gramu 0.64. Mzigo umeongezeka kwa karibu nusu. Uzito ukibaki uleule na eneo likapungua hivyo, mwendo wa chini kabisa ambao bawa bado linaweza kubeba hupanda kwa takriban asilimia 22. Ile kasi uliyokuwa ukitulia Kadet kwa raha, kwa Four-Star huenda ni kasi ya kuanguka.

Na tukumbuke kwamba hata Four-Star ni ndege ya upole katika kundi lake. Ndiyo maana imewafaa watu wengi kama ndege ya pili.

Je, uko tayari?

Hesabu ya miezi haisemi kitu. Jipime kwa mambo haya matano, ukitumia ndege ya kujifunzia:

1. Unatua mara tano mfululizo katika eneo ulilolitaja kabla ya kuruka, siyo popote ndege ilipoamua.
2. Unachora namba nane angani, na ndege haipandi wala kushuka katikati ya kona.
3. Ndege ikija kuelekea usoni kwako huchanganyikiwi. Kwa wanaosumbuka na hili: sukuma kijiti upande ule unaoona bawa limeshuka, kana kwamba unaliwekea kigingi.
4. Mota ukiizima angani kwa makusudi, unaileta ndege nyumbani kwa kuteleza tu.
5. Kama ndege yako ina kifaa cha elektroniki cha kuisawazisha, unafanya yote haya kikiwa kimezimwa.

Hilo la tano linahitaji msisitizo. Ndege nyingi za kujifunzia za siku hizi zina kifaa hicho, nacho huokoa ndege nyingi kwa wanaoanza. Lakini aliyejifunza kikiwa kimewashwa muda wote ana wasaidizi wawili, bawa na kifaa. Akihama bila kuachana nao kwanza, anapoteza wote kwa siku moja.

Ipi iwe ya pili?

Moyo hupenda ndege za vita. Spitfire na Mustang zina sura nzuri, na ni kweli mabawa yake yako chini. Nakuomba usubiri. Bawa la Mustang huwa jembamba kadiri linavyoelekea nchani, na katika umbo dogo ncha hiyo huacha kubeba mapema. Ncha moja ikitangulia, ndege hujipindua na kuanguka kwa upande mmoja. Hilo likitokea ndege ikiwa mita kumi juu ya nyasi, hutapata nafasi ya kurekebisha.

Ndege ya pili iwe na sifa hizi:

- bawa ambalo upana wake haupungui, au hupungua kidogo tu, kutoka kwenye mwili hadi nchani;
- V ndogo inayoonekana ukiitazama ndege kwa mbele;
- umbo ambalo juu na chini ya bawa yanakaribia kulingana, ili iruke vyema hata ikiwa imepinduliwa;
- magurudumu yaliyoachana vya kutosha;
- uzito mdogo kwa eneo lake, na vipuri unavyoweza kuvipata.

Angalia pia gurudumu la tatu liko wapi. Ndege nyingi za kujifunzia huliweka puani. Nyingi za mabawa ya chini huliweka mkiani, na wakati wa kupaa pua huvutwa kushoto na nguvu za pangaboi. Kidole gumba kiwe tayari kuongeza usukani wa kulia, kidogokidogo.

Maandalizi mezani

Kazi ya kwanza ni mizani. Inyanyue ndege kwa ncha mbili za vidole chini ya mabawa, pale maelekezo yanapoonyesha kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ndege hutulia bila kuangukia mbele wala nyuma. Ukipewa nafasi ya kuanzia hapa hadi pale, safari ya kwanza chagua iliyo mbele. Ndege yenye pua nzito huwa nzito mkononi, lakini huruka. Yenye mkia mzito hubadilika kwa kila mguso, na wengi hawaimudu.

Kazi ya pili ni rimoti. Weka viwango viwili vya mwendo wa eleroni na elevata, kidogo na kikubwa, na uanze na kidogo. Kisha ongeza ekspo, mpangilio unaofanya kijiti kiwe kipole karibu na katikati na kikali kikienda pembeni. Asilimia 30 ni mwanzo mzuri. Baadhi ya rimoti hupunguza ukali kwa namba chanya, nyingine kwa namba hasi, kwa hiyo sogeza kijiti kidogo na uangalie eleroni zenyewe kabla ya kuiamini skrini.

Kazi ya tatu ni ruhusa. Masharti ya kusajili na kurusha vyombo visivyo na rubani ndani hutofautiana kati ya nchi na nchi. Ulizia kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, usingoje kuulizwa wewe uwanjani.

Safari tatu za kwanza

Ya kwanza ni ya kona. Panda mpaka uwe na nafasi ya kukosea. Kila kona ina hatua tatu: laza kwa eleroni, shikilia kwa elevata ili pua isishuke, kisha rudisha kwa eleroni ya upande wa pili. Hatua ya tatu ndiyo mpya. Itaje kwa sauti ikibidi: "Laza, shika, rudisha."

Ya pili ni ya kuufahamu mwendo wa chini. Ukiwa juu sana, punguza nguvu na uendelee kunyanyua pua taratibu mpaka bawa liache kubeba. Tazama kama pua inaanguka moja kwa moja au bawa moja linatangulia. Legeza elevata, ongeza nguvu, acha pua ishuke mpaka mwendo urudi, ndipo unyooshe. Rudia mpaka uijue dalili yake: vijiti huwa vilegevu, na ndege huchelewa kujibu.

Ya tatu ni ya kutua bila kutua. Ilete ndege kwenye njia ya kurukia kana kwamba unatua, ishuke mpaka kimo cha nyumba, kisha ongeza nguvu uondoke. Fanya hivyo mara nne, tano. Utakapotua kweli, jicho litakuwa limeshaizoea njia.

Kutua, mahali panaposema ukweli

Ndege ya kujifunzia unaweza kuizimia mota mbali nayo ikaelea hadi miguuni kwako. Ndege ya mabawa ya chini iache na nguvu kidogo mpaka ifike mwanzo wa nyasi. Tumia elevata kutunza mwendo, na nguvu za mota kuamua inashuka haraka kiasi gani.

Hatari kubwa imejificha kwenye kona ya mwisho. Rubani anaona amepita mstari wa uwanja, anailaza ndege zaidi ili aurudie, anavuta elevata, na mwendo ulikuwa umeshapungua. Ndege ikilazwa nyuzi 60 bila kuachwa ishuke, mabawa hulazimika kubeba mara mbili ya uzito wake, na mwendo wa kuacha kubeba hupanda kwa karibu asilimia 41. Hapo ndipo ndege nyingi za pili huishia. Dawa yake ni ndogo: ukiupita mstari, usiukimbilie. Ongeza nguvu, zunguka upya.

Mahali ulipo pana sauti yake pia. Nairobi, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ufukweni. Ndege iliyotua polepole Dar es Salaam itahitaji kasi zaidi kwa kama asilimia 9 huko ili mabawa yasiache kubeba. Pwani nako kuna kusi. Upepo wake wa alasiri huirusharusha ndege yenye V kubwa, ilhali ya mabawa ya chini huupasua kwa utulivu zaidi. Wengi hugundua kwamba siku za upepo ndege yao mpya ndiyo iliyo rahisi.

*Kwa ufupi: kona ina hatua tatu, mwendo wa chini ujulikane ukiwa juu, na kona ya mwisho isikazwe.*

Usiiuze ile ya kwanza

Ushauri wangu wa mwisho huwashangaza wengi: ndege ya kujifunzia ibaki ukutani, betri yake ikitunzwa. Miezi kadhaa baada ya kuhama nilirudi nayo uwanjani asubuhi moja tulivu. Nikakata kona ya kushoto, ileile ya zamani, na nikajiandaa kuachia vijiti ili nione tena bawa likifanya kazi yake.

Sikuona kitu. Mikono yangu ilikuwa imeshainyoosha ndege kabla bawa halijapata nafasi.